Mchele wa Kunata

Mimi si mtu wa kushangaa ovyo. Nilianza maisha pale Kasoli nikibeba magunia ya pamba mgongoni, nina suruali moja na darasa la nne ambalo sikulimaliza, na leo nina mashine tatu hapa Bariadi, mbili za kusaga mahindi na moja ya kukoboa mpunga. Nyumba yangu ina vigae hadi chooni. Hakuna mjomba aliyenishika mkono, hakuna mbunge aliyenipigia simu. Katika kuhangaika huko nimeona mengi. Nimeona bei ya pamba ikipanda asubuhi na kuanguka kabla ya chakula cha mchana. Nimeona fahali akiingia benki na mlinzi akimpisha njia. Sasa mtu wa namna hiyo utamshangaza na nini?

Kwa mchele ndiyo usiseme kabisa. Wasomi wana vipimo vyao, mimi nina meno. Nipe punje moja, nitaiweka kati ya meno ya mbele, nitaivunja, halafu nitakwambia mpunga ulivunwa lini, ulianikwa kwenye turubai au chini kwenye udongo, na kama aliyekuuzia amechanganya na wa mwaka jana. Watu wametoka hadi Maswa kuja kubishana na mimi, wakarudi wamenyamaza.

Kwa hiyo siku binti yangu aliponiambia, "Baba, kuna mchele huujui," nilicheka mpaka chai ikanipalia.

Huyu binti ni mzaliwa wangu wa kwanza. Ana jina la marehemu mama yangu, kwa hiyo namwita mayu, yaani mama, kama tulivyozoea Wasukuma. Alikuwa amerudi kutoka Uarabuni baada ya miaka mitatu ya kazi za ndani. Na hapa lazima niseme jambo ambalo silipendi. Aliondoka kwa sababu yangu. Alikuja kuniomba mtaji afungue mgahawa mdogo karibu na ofisi za mkoa, nikamjibu palepale mashineni, mbele ya wateja, kwamba mimi sijalea binti aje kuuzia watu chapati, kama anajua kupika aende akampikie mume. Wateja wakacheka. Nilifurahi walivyocheka. Wiki chache baadaye alikuwa ameshapata pasipoti, na mimi nilijua siku ya safari kutoka kwa mama yake.

Sasa alikuwa amerudi, mashavu yamejaa kidogo, anaongea taratibu kuliko zamani. Na yule wakala wa Mwanza aliyempeleka mara ya kwanza alikuwa anampigia simu kila baada ya siku mbili. Mkataba mwingine ulikuwa tayari, vipimo vya afya vimeshalipiwa, viza inashughulikiwa. Alitakiwa aondoke mwisho wa mwezi. Mama yake alilia chumbani. Mimi sikulia na sikusema kitu. Kila nilipotaka kumwambia mayu, usiende, yale maneno yangu ya mashineni yalikuja kwanza, yakakaa mlangoni, mengine yakashindwa kupita.

"Nimejipa mwezi huu," nilimsikia akimwambia mama yake, mimi niko barazani najifanya nasoma risiti. "Nitapika vitu alivyonifundisha dada yangu Mfilipino. Vikiuzika hapa Bariadi, nabaki. Visipouzika, naenda zangu. Siwezi kukaa hapa nile vya baba na maneno ya baba."

Huyo dada Mfilipino alikuwa mfanyakazi mwenzake. Walilala chumba kimoja, wakapika jiko moja, na siku mabosi wao walipokwenda kutembelea ndugu, yule mama alimfundisha binti yangu vitamu vya kwao. Sasa naye alikuwa amerudi kwao Ufilipino, wakawa wanaonana kwenye simu tu.

Mayu alianza na muhogo. Muhogo sisi tunaujua. Unachemshwa, unachomwa, au unavundikwa na kukaushwa ukawa udaga, unaletwa kwangu nausaga. Yeye aliukuna ukiwa mbichi kama mtu anayekuna nazi, akaukamua maji, akauchanganya na tui, mayai na yale maziwa mazito ya kopo yenye sukari. Akamimina kwenye sufuria aliyoipaka siagi, akafunika, akaweka mkaa chini na mkaa juu ya mfuniko.

"Mkaa juu?" niliuliza.

"Juu na chini, Baba. Kwao wanafanya hivihivi."

"Nani aliwafundisha?"

"Sasa hilo nitalijuaje?"

Ujue kwetu mwenye mji hakai jikoni. Siku ya kwanza nilisimama nje, najifanya nakagua bomba la mvua. Siku ya pili nilileta kigoda nikakaa mlangoni. Siku ya tatu kigoda kilikuwa ndani, karibu na gunia la mkaa.

"Mzee," mke wangu akasema, "hicho kigoda kina miguu ya kutembea? Jana kilikuwa nje."

"Nje kuna jua."

"Jua la saa moja asubuhi?"

Nilikuwa naangalia mfuniko unavyofunuliwa. Juu muhogo ulikuwa umeiva rangi ya ngozi ya simba, ndani laini, unavutika. Nilisema si mbaya. Nilikula vipande vitano, na cha sita nilikibeba mashineni kwenye karatasi.

Baada ya hapo vikaja vikeki vidogo vya kahawia vinavyopikwa kwa mvuke, vinaitwa kutsinta, ukivigusa vinatetemeka kama maini. Humo ndani anatia maji ya magadi. Nilimuuliza magadi gani, akasema haya haya ya mlenda. Nikasema haiwezekani, magadi na sukari wapi na wapi. Mara ya kwanza alizidisha, maana magadi yetu kutoka upande wa Meatu ni makali, tukala kitu chenye ladha ya sabuni. Mara ya pili aliyaacha maji yatuame, akachota kijiko kimoja cha juu, na vile vikeki vikashikamana vizuri, vikawa na ukinzani fulani chini ya meno. Nilikaa na kimoja mdomoni nikiwaza: mtu wa kwanza kufikiria kutia magadi kwenye kitu kitamu alikuwa anatafuta nini? Au alikosea kopo?

Muhogo na kutsinta vilitembea. Alivipeleka ofisi za mkoa kwenye ndoo yenye mfuniko, akarudi na ndoo tupu. Wanunuzi wengi walikuwa wafanyakazi waliohamishiwa huku kutoka mikoa mingine. Mmoja wao, mama wa Tanga, mkubwa kwenye idara yake, alimuuliza una nini kingine. Binti akamwonyesha picha kwenye simu. Yule mama akaweka kidole kwenye picha moja: wali mzito wa kahawia kwenye sinia, umekatwa vipande, juu una makombo yanayong'aa kwa mafuta. Kinaitwa biko. Ni mchele, tui la nazi na sukari guru. Mtu wa Tanga ukimwonyesha tui na sukari guru umemmaliza.

"Nina send-off ya binti yangu Jumamosi ya wiki ijayo," alisema. "Nipikie masinia kumi." Akatoa na pesa ya kutangulizia.

Hapo ndipo mayu alipokuja barazani na kuniambia kuna mchele nisioujua, mimi chai ikanipalia. Alisema biko haipikwi kwa mchele wowote, ina mchele wake wa kunata, na Dar kuna duka linalowauzia Wachina wanaojenga barabara. Tuagize.

"Mwenye mashine akanunue mchele dukani?" nikasema. "Mpigie huyo dada yako. Anionyeshe."

Nikanunua bando la elfu nne na mia tano ili picha isikatikekatike. Kwetu ilikuwa saa mbili asubuhi, kwao saa saba mchana. Wao wawili wanaongea Kiarabu chao cha jikoni kilichochanganywa na Kiingereza, mimi natafsiriwa. Alitokea mama mnene kidogo, kavaa kandambili, yuko kando ya shamba la mpunga, anacheka kabla hatujasema kitu. Mkononi ameshika kamba, na mwisho wa kamba kuna nyati.

Niliruka kwenye kiti. Sisi tunaoishi karibu na mapori tunajua nyati ni nani. Tumezika watu.

"Mwambie amwachie huyo mnyama! Mwambie apande mti!"

Binti yangu alicheka hadi akakaa chini. "Baba, ni wa kufugwa. Wanamlimia."

"Nyati?"

"Na wanamkamua. Maziwa yake wanayachemsha na sukari mpaka yanakuwa pipi laini."

Yule mama akampiga nyati kofi la shingo, nyati akafumba macho. Nikamuuliza anao wangapi. Wawili. Nikamwambia mimi nina ng'ombe themanini na nne kule Nkololo. Alipotafsiriwa akaitika kwa adabu, akaniita Tatay, maana yake baba, halafu akauliza kama hao themanini na nne wanalima. Nikasema hapana. Wanakamuliwa wote? Hapana. Akauliza, sasa wanafanya nini? Binti yangu alitafsiri huku anaangalia pembeni. Nikasema tuonyeshwe mchele.

Alileta kiganja chenye mchele kwenye kamera. Punje zilikuwa nyeupe kabisa kama chaki, mwanga haupiti. Nikapiga paja.

"Huo ninao!"

Naomba unielewe. Mchele mzuri una kioo, ukiuinua juani unaona mwanga. Lakini kila gunia lina punje chache zenye doa jeupe katikati, sisi mashineni tunaita mchele wenye kitumbo. Unavunjika ovyo, unashusha bei, na miaka yote nalipa wanawake wautoe. Nikajiambia, kumbe kitu tunachotupa sisi wenzetu ndiyo kitamu chao. Niliona akili yangu imefanya kazi kubwa bila shule.

Niliita wanawake sita wa kupembua, siku mbili, elfu saba kwa siku kila mmoja, jumla elfu themanini na nne. Nikawaambia safari hii wanitolee mweupe wauweke pembeni kwa heshima.

"Bosi," akasema mmoja, yule mwenye mdomo kuliko wote, "mwaka jana ulinikata elfu mbili kwa kuuacha huu huu ndani ya gunia."

"Mwaka jana ulikuwa mwaka jana."

"Basi nirudishie elfu mbili yangu."

"Pembua, mama."

"Anataka kuoa mke wa pili," mwingine akasema bila kuinua kichwa kwenye ungo. "Mke wa pili hali wenye kioo."

Waliucheka ule mchele siku mbili nzima. Kutoka magunia kumi na mbili nilipata kilo kumi na moja. Nikaupeleka nyumbani kwenye mfuko safi kama mtu anayepeleka mahari.

Tuliupika mara nne. Mara ya kwanza ulikuwa uji. Mara ya pili binti alipunguza maji, nje ukalainika, ndani ukabaki unga. Mara ya tatu aliuloweka tangu asubuhi, ukapasukapasuka. Mara ya nne kila punje ilishika njia yake, tui likakaa chini ya sinia peke yake kama maji ya dimbwi. Nazi na sukari guru peke yake vilikula elfu thelathini, maana nazi hapa kwetu inasafiri kuliko mimi. Kila mara nilisema moto ulikuwa mkubwa.

"Baba, tuagize Dar," alisema kwa mara ya tatu.

"Jaribu tena. Moto wako ulikuwa mkubwa."

Aliondoka jikoni. Mke wangu akabaki anasugua sufuria.

"Mzee, leo Jumatatu. Jumamosi ni hiyo hapo. Huyu mtoto akishindwa masinia ya watu, anapanda basi la Mwanza. Unalijua hilo?"

"Nalijua. Kwani mimi nafanya nini hapa?"

"Unashindana na mchele." Akageuza sufuria. "Mwambie tu asiende. Ni neno moja."

"Nitamwambia."

"Lini?"

Nilichukua simu, nikamwomba binti ampigie dada yake kwa mara nyingine. Nilinyanyua punje yangu ya kitumbo mbele ya kamera. Yule mama alisogeza uso, akatazama sana, akasema kitu kifupi.

"Anasemaje?"

"Anasema, Tatay, huo mchele unaumwa."

"Unaumwa nini?"

"Anasema mpunga ukipigwa na jua kali au ukikosa maji wakati unajaza punje, unatoka hivyo, haukushiba. Hata kwao upo, wanapewa bata. Wa kunata ni mbegu nyingine kabisa, mpaka uipande."

Miaka zaidi ya ishirini nautoa ule mchele kwenye magunia, na sikuwahi kujiuliza kwa nini uko hivyo. Nilijua unashusha bei tu. Sasa mama mwenye kandambili na nyati wawili ananiambia kutoka ng'ambo ya dunia kilichotokea mashambani kwetu Nkololo. Nilitaka kukasirika, lakini nilikuwa na maswali mengi mno. Nikamuuliza ya jua, ya maji, ya siku ngapi kabla ya kuvuna, mpaka bando likakata.

Kisha nilifanya nilichokuwa nimekataa. Kuna mfanyabiashara wa Dar ananunua mchele kwangu kila msimu. Nikampigia.

"Mzee wa Bariadi! Una mzigo?"

"Sina. Nataka unitafutie mchele."

"Nikutafutie wewe mchele?"

"Wa kunata. Kilo ishirini. Kuna duka wananunua Wachina."

Nilimsikia anawageukia wenzake anawaambia, jamani, leo mzee ananunua mchele, na vicheko vikaja wazi kabisa masikioni mwangu. Nilivumilia. Kilo moja elfu nane, jumla laki na sitini, na elfu kumi na tano ya basi. Alhamisi asubuhi nilikuwa stendi kabla ya makondakta kupiga mswaki.

Nilifungua mfuko palepale juu ya boneti ya gari, nikaweka punje kati ya meno. Mchele wetu ukiuvunja unalia kidogo, kama kioo chembamba. Huu haukulia. Ulivunjika kimya, na ndani ulikuwa mweupe uleule wa nje, mwanzo hadi mwisho, hauna doa wala ganda. Nilivunja kama punje kumi hivi. Sikuweza kusema ulivunwa lini wala ulianikwa wapi. Nilisimama pale stendi na mdomo umejaa unga, nikawaza ni michele mingapi mingine iko duniani ambayo meno yangu hayajawahi kukutana nayo.

Mayu aliuloweka Ijumaa, Jumamosi alfajiri akaupika. Kwanza alichemsha tui zito peke yake, akaliacha liendelee hata lilipoanza kukauka. Nikamwambia unaharibu. Akasema subiri. Mafuta yakajitenga, na chini yakabaki makombo ya kahawia yanayonukia, na nikapiga kelele, "Ni samli!" maana mama yangu alipochemsha siagi ya ng'ombe alipata kitu kilekile chini ya chungu, na sisi watoto tulipigania kukikwangua. Watu wawili ambao hawajawahi kuonana, mmoja ana nazi, mwingine ana ng'ombe, wamefika kwenye makombo yaleyale. Makombo ya nazi yanaenda juu ya biko.

Halafu ukaja wali wenyewe, tui na sukari guru iliyoyeyuka, sufuria mbili kubwa za msibani. Kitu hicho kinakuwa kizito kuliko ugali. Binti alisonga kidogo, akabadilishana mkono. Mama yake akasonga, akapumzika. Nikavua saa, nikachukua mwiko. Hii mikono imebeba pamba.

Majirani walikuja mmoja mmoja kuazima chumvi ambayo hawakuihitaji.

"Leo bosi kaolewa!" akasema mmoja.

"Mahari yake ng'ombe wangapi?"

"Themanini na nne," nikasema huku nasonga, "na kwa jinsi ninavyosonga waongeze." Walicheka, mimi jicho langu liko sufuriani. Punje zilikuwa nzima, unaziona moja moja, hazikupondeka wala kupasuka, lakini hazikukubali kuachana. Nilivuta mwiko na sufuria nzima ikataka kuja nao. Nikamuuliza binti, inakuwaje zibaki nzima na bado zishikane? Akasema, "Baba, songa, inaungua."

Sherehe ilikuwa ya mchana, kwa sababu wageni wengi walitoka vijijini, wengine hadi Kimali, na walitaka kuwahi kurudi. Masinia kumi yalitandikwa majani ya mgomba, biko imekatwa vizuri, inang'aa. Kosa likawa moja. Aliyepanga meza aliyaweka kati ya pilau na nyama.

Ujue kwetu wali uliobebana ni aibu ya mpishi. Mwanamke anaweza kusemwa mwaka mzima kwa wali mmoja ulioshikana. Watu wa kwanza kwenye foleni walichota biko kama wali, wakamwagia mchuzi wa ng'ombe juu, wakaenda kukaa. Kisha nikasikia.

"Wali gani huu? Mpishi alilala?"

"Na sukari wametia. Sukari kwenye wali, jamani."

"Huyu katoka Uarabuni, wameshamharibu."

Binti yangu alikuwa amesimama karibu na mlango wa nyuma, kashika kitambaa cha mezani kwa mikono miwili. Nilimwona anavyowaangalia watu wanavyosukuma biko pembeni ya sahani. Niliijua ile sura. Niliiona mara moja tu, siku ile mashineni, wateja walipocheka.

Sikumbuki kutembea. Nakumbuka MC akisema, "Mzee, ngoja kwanza," na maiki tayari iko mkononi mwangu.

"Mwadila!" niliwasalimia.

"Mwadila!" ukumbi ukaitikia, maana wengi wananijua.

"Mimi nakoboa mpunga mji huu kabla baadhi yenu hamjaota meno. Wali uliobebana kwa uzembe naujua. Nimeula nyumbani kwangu." Watu wakacheka, mke wangu akanitolea macho. "Huu haujaharibika. Mchele wake umezaliwa hivyo, mbegu yake ni ya kushikana, mimi mwenyewe nilikuwa siujui mpaka juzi. Ni kitamu, si chakula. Ondoa nyama, chukua kipande safi, kula na chai. Aliyepika ni binti yangu wa kwanza, na mkoa huu wote hakuna mwingine anayeweza. Na wiki ijayo anafungua mgahawa wake hapo karibu na ofisi za mkoa. Haendi tena popote."

Makofi yakapigwa. Yule mama wa Tanga alinyanyuka akachukua kipande kwa mkono, akala amesimama, akafumba macho, akachukua kingine. Baada ya hapo foleni ikarudi, safari hii na vikombe vya chai. Saa kumi masinia yalikuwa yamebaki majani. Mama wa Tanga alimlipa binti yangu pesa iliyobaki, akaagiza vikeki vya magadi vya kikao cha Jumatano, na wenzake wawili wakaomba namba ya simu.

Nilimkuta mayu nyuma ya ukumbi, anaosha masinia kwenye bomba. Nikaokota kitambaa nianze kukausha.

"Baba, nani kakwambia nafungua mgahawa?"

"Watu wamepiga makofi, mayu."

"Sijakuuliza watu."

Nikakausha sinia. "Hakuna aliyeniambia."

"Na nani kakwambia siendi?"

"Hakuna."

"Mara ile ulinisemea mbele ya watu. Leo tena mbele ya watu." Hakupaza sauti. "Mimi mwenyewe utaniambia lini?"

Nilitafuta mzaha, maana huwa sikosi. Sikupata. Nikaweka sinia chini.

"Siku ile mashineni nilikosea," nikasema. "Nilitaka wacheke, wakacheka, ukaondoka. Usiende, mayu. Nakuomba."

Alisugua sinia zima, akaligeuza, akasugua na mgongo wake. Maji yalimwagika miguuni kwangu, sikusogea.

"Wakala ameshalipia vipimo na viza," akasema hatimaye. "Nikivunja, anadai laki tatu na nusu."

"Na mtaji wa mgahawa nitakupa. Sema kiasi."

"Mtaji sitaki. Ninao, wa muhogo na wa leo. Chumba nimeshakiulizia tangu wiki ya kwanza." Akanikabidhi sinia lililosafishwa. "Wewe mlipe wakala. Si wewe uliyenitangazia kwenye maiki kwamba siendi?"

Jumatatu nilituma hiyo laki tatu na nusu kwa simu, na yeye akampigia wakala mbele yangu kumwambia asihangaike tena na viza. Sasa mgahawa upo, meza nne, na watu mjini wanasema ni wangu, kwa sababu wamezoea kila kitu kizuri hapa Bariadi kiwe changu. Si wangu. Kwenye viti vile na kwenye lile bati hakuna senti yangu hata moja. Nilicholipa mimi ni wale wanawake wa kupembua, nazi na sukari guru nilizoziharibu, mchele wa Dar na basi lake, bando la kumwona nyati, na wakala wa Mwanza. Nimejumlisha kichwani, halafu nikajumlisha tena kwenye simu, ikaja ileile: shilingi laki sita na arobaini na tatu elfu na mia tano.